Gereji iliyoniuliza mume wangu yuko wapi

Nilikuwa nimeshaamua kuliuza. Hilo lieleweke tangu hapa juu, maana huko mbele naweza kusema jingine. Land Rover 110 la marehemu baba, lile la injini ya dizeli ya 300Tdi, limekaa uani kwetu Makorora wiki kadhaa likinyeshewa. Kuku wanatagia chini yake. Kila mgeni akiingia, kabla hata ya kuitikiwa salamu, anauliza, "Hili bado halijauzwa?"

Mie nafanya biashara ya viungo. Nashusha iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga kutoka vijiji vya Amani mpaka Muheza, na mzigo mwingine nafika nao Tanga mjini. Kupanda sipandi mtupu, nabeba unga na sukari za maduka ya kule juu. Anayeijua barabara ile hana haja ya kuniuliza kwa nini sikununua Noah. Wajerumani walikwenda kujenga kituo chao cha utafiti Amani mwaka 1902, na kuna kona ukizipita masika utaapa hakuna mtu aliyezigusa tangu siku hiyo. Udongo mwekundu ukilowa ni sabuni. Kama gari halina gea ndogo na halivuti kwa magurudumu yote manne, utalala Kisiwani unasikiliza maji ya mto Sigi.

Basi masika haya nikiwa napanda, mshale wa joto ukaanza kusogea. Nikasimama, nikafungua boneti. Hozi ya juu ya rejeta imevimba, ngumu kama goti. Nikasubiri mpaka kukapoa kabisa, nikafungua kifuniko, nikawasha. Mapovu yakawa yanapanda kama chungu cha maharage. Baba alishanifundisha: mapovu yakija hivyo, moshi wa silinda unaingia kwenye maji, gasketi ya silinda hedi, ule utando mwembamba unaobanwa kati ya bloku ya injini na hedi inayoifunika kwa juu, imekwenda. Nikazima pale pale. Fuso la machungwa likanivuta hadi mjini.

Hapa ndipo hasira yangu ilipo. Nililipeleka kwenye gereji moja ya mjini, jina nalihifadhi, yenye bango kubwa na kijana wa mapokezi anayeandika kila kitu kwenye daftari. Fundi mkuu akatoka anafuta mikono, hakusalimia. Akafungua mlango wa dereva, akaubamiza. Mlango ule haubamizwi. Bawaba zimechoka, unauinua kidogo kwa goti ndipo unaingia. Yeye kaubamiza mara tatu, kisha ndiyo akanitazama.

"Wewe mama, gari la nani hili?"

"Langu."

"Mumeo yuko wapi? Nipe namba yake nimweleze yeye. Mambo ya injini utachanganyikiwa bure."

Mume wangu ni fundi cherehani. Ukimtajia gasketi atakuuliza ni ya shati au ya suruali. Nikanyamaza, na huko kunyamaza ndiko kunakoniuma mpaka leo, kuliko hata pesa. Nikamwambia tu aandike ninachodaiwa. Akaandika: gasketi, kuchongesha silinda hedi inyooke, oili, ufundi. Jumla laki saba na ushee. Nikalipa nusu.

Siku ya kulichukua nikaomba gasketi iliyotoka. Baba alifanya kazi karakana ya shamba la mkonge, na hiyo ndiyo sheria aliyotuachia: spea iliyotoka dai uondoke nayo, hata kama ni nati. Fundi akacheka, wenzake nao wakacheka kwa kumfuata. "Ya nini sasa? Gasketi ni gasketi tu, mama." Nikaitoa kwenye pipa la taka kwa mkono wangu, nikaitupa nyuma ya siti.

Gari likafika Muheza vizuri. Hata Kisiwani halijafika, likachemka tena.

Niliporudi, mkuu hakutoka. Alinipigia kelele akiwa ndani, chini ya gari la mtu mwingine: "Hilo limechoka! Liuze!" Siku tatu baadaye nikapigiwa simu na dalali. Amesikia nina Land Rover bovu, ana milioni nne mkononi, anakuja na breki dauni leo leo. Kasikia wapi? Namba yangu ile ya pili nilikuwa nimeiandika sehemu moja tu, kwenye lile daftari la mapokezi. Sisemi kitu. Nawaachia nyie mhesabu wenyewe.

Na niseme kweli, nilikaribia kumkubalia. Tanga ni waja leo waondoka leo, nikasema na hili nalo liondoke. Kilichonizuia ni kadi, mapenzi hayakuwemo. Kadi ya gari bado ina jina la baba. Kuuza kihalali ni mpaka tumalize mirathi mahakamani, msimamizi ateuliwe, ndipo twende TRA, mamlaka ya mapato, kubadilisha umiliki. Dalali akasema, "Nipe tu kadi, hayo tutamalizana huko huko." Yakhe, faini za trafiki zinafuata namba ya gari. Nisije nikadaiwa makosa ya mtu aendeshaye Handeni huko kwa jina la marehemu.

Ndipo shemeji akanipeleka kwa mzee mmoja Ngamiani, anayefanyia kazi chini ya mwarobaini, miwani kaifunga kwa uzi wa viatu. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za nyumbani, ndipo akauliza gari lina nini. Aliniuliza mimi. Sikumbuki mara ya mwisho fundi kuniuliza mimi.

Akafungua hedi siku ile ile, akaiweka mezani, akaniita. "Njoo uone, mwanangu. Hedi iliyochongwa hung'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Hii inang'aa?" Haing'ai. Ina kivuli cheusi cha gasketi ya zamani, duara kwa duara, na kutu kuzunguka matundu ya maji. Akaweka rula ya chuma juu yake, akapitisha bati jembamba la kupimia katikati. Likapita bila kukwama. Hedi ya aluminiamu ikichemka hupinda, na ikipinda, hata uifunge na gasketi ya dhahabu itavuja. Niliilipia kuchongwa. Haikuguswa.

Kisha akaniomba ile gasketi ya zamani. Akailaza sambamba na mpya, akaweka kidole ukingoni. Kuna vitundu vidogo pale, nilikuwa sijawahi kuviona maisha yangu yote. Ya zamani ina vitatu. Mpya ina kimoja. "Hivi ndivyo vinavyotaja unene," akasema. "Kimoja ni nyembamba, vitatu ndiyo nene kuliko zote. Mtu hachagui kwa kupenda. Anapima kwanza pistoni zinachungulia kiasi gani juu ya bloku." Akapima zote nne mbele yangu, akaandika kwa chaki kwenye gurudumu la akiba. Vitundu vitatu. Yaani yule bwana aliniwekea nyembamba, pistoni zikawa zinapumulia hedi usoni, na juu yake hedi iliyopinda. Gasketi ni gasketi tu!

Siku ile niliondoka nikiapa siuzi, hata aje na milioni ishirini. Usiku nikapoa. Maana mzee huyo huyo alikuwa ameingia chini na tochi, akatoka kimya. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu, inakudanganya, juu inaonekana nzima. Fremu ni chuma, na hewa ya chumvi ya Tanga haina huruma na chuma. Upande wa nyuma, linapofungwa tangi, bisibisi yake iliingia kama kwenye mkate. Hedi na gasketi ni laki sita kama na nusu. Fremu hakutaja bei. Akasema, "Hiyo tuongee siku nyingine," na fundi mwaminifu akisema hivyo ujue ni nyingi.

Kwa hiyo gereji ile ya bango kubwa, msiende. Au nendeni, lakini hesabuni matundu. La, msiende. Mtu anayebamiza mlango wa gari la watu hata kama angejua kazi nisingempa tena.

Jana mzee kanipigia: aagize gasketi? Nimemtumia pesa, hedi imeshapelekwa kuchongwa, na safari hii nimeifuata mwenyewe mpaka kwenye mashine. Jumamosi anakuja mtu kutoka Lushoto kuliangalia gari, kaelekezwa na jirani, anasema hana haraka na kadi, atasubiri mirathi. Ameongea kwa adabu. Sijamwambia linauzwa, sijamwambia haliuzwi. Nitasimama pembeni nimtazame atakavyoufunga ule mlango.