Unapima promota na uko Dodoma? Plasmidi ya kununua, kuanzia bora hadi ya kuacha

Kila mwaka hapa Dodoma nakutana na mwanafunzi wa masters, promota yake (kipande cha DNA kinachowasha jeni) ameshaitoa kwa PCR, yaani kuinakili, vizuri kabisa, ananiuliza "kaka ninunue plasmidi gani?" na alichokuja nacho ni bei ya plasmidi peke yake. Hapo ndo hela inapopotea. Plasmidi ni duara dogo la DNA: unaweka promota yako mbele ya jeni ya protini inayotoa mwanga au rangi, unaingiza kwenye seli, kisha unapima. Unainunua mara moja, unaiotesha kwenye E. coli, unahifadhi bakteria wako na gliseroli kwenye friza, imeisha, ni yako miaka na miaka. Inayokula bajeti ni sabstreti, ile dawa inayofanya kimeng'enya kitoe mwanga au rangi, maana hiyo utaagiza tena na tena na nyingi zinataka baridi kali njia nzima mpaka zifike kwako. Kwa hiyo mi napanga kwa kuangalia mashine uliyonayo na friza yako inavyohimili umeme ukikatika, sio nani anawaka zaidi.

Namba moja kwangu ni pGL4.10 ya kampuni ya Promega, kama luminometa (mashine ya kupima mwanga) ipo. Ndani yake kuna lusiferase, kimeng'enya cha mwanga, ya kimulimuli, sio hawa wetu wa masika, ni wa Marekani anaitwa Photinus pyralis. Seli za mamalia hazina kitu kama hicho kabisa kwa hiyo ukiona mwanga ujue umetoka kwenye plasmidi yako. Alafu haikai muda mrefu ndani ya seli, nusu yake inaisha kwa kama masaa matatu, promota ikizimika unaona mwanga unashuka, na ukitaka ishuke haraka zaidi kuna pGL4.11 yenye mkia wa PEST. Watu wananiuliza kwa nini nisitumie pGL3-Basic ya zamani, jibu ni kwamba kwenye pGL4 walisafisha sehemu nyingi ambazo protini za seli zinaweza kujishikiza zikaiwasha jeni bila promota yako kuhusika. Ila kama maabara ya jirani wana pGL3 wanakupa bure chukua uanze nayo, sehemu za kukatia za KpnI na HindIII (vimeng'enya vya kukata DNA) zipo kwenye zote mbili, baadaye unahamisha kipande chako bila kuhangaika na praima (vianzio vya PCR) mpya.

Usiinunue peke yake lakini, nakusihi. Chukua na pGL4.74, ile yenye lusiferase nyingine, ya Renilla, na promota ya TK, uziingize pamoja kwenye seli, Renilla kidogo tu, moja kwa kumi mpaka moja kwa hamsini, kisha unagawanya mwanga wa kimulimuli kwa wa Renilla. Bila hivyo kisima kimoja (kishimo cha sahani ya kupimia) seli zimepokea DNA nyingi kingine kidogo, wewe unadhani promota ndo imepanda. Na promota ya TK ni dhaifu, ndo maana naipenda, ukiweka CMV, promota yenye nguvu sana, inaweza kunyang'anya protini za seli ikaidhoofisha promota unayoipima.

Sasa kuhusu friza. Kuna wikendi umeme ulikatika kwetu jenereta haikuwaka, Jumatatu kila kitu kimeganda tena kama kawaida hakuna aliyejua, mwanafunzi akapima wiki tatu namba zinashuka tu, akaamini promota yake imekufa. Aliumia sana yule kijana na mimi niliumia naye. Sabstreti ndo ilikuwa imekufa. Toka siku hiyo nagawa kwenye vichupa vidogo vidogo siku ileile inayofika, na kila nikipima naweka kisima cha plasmidi ninayojua inawaka.

Namba mbili wengi watashangaa, SEAP, kimeng'enya cha aina ya fosfatezi, mfano plasmidi ya pSEAP2-Basic. Huna luminometa? Mashine ya kusomea ELISA, ile ya kupima rangi kwenye visima, haikosekani. Seli inatema kimeng'enya nje, unachota maji ya juu tu, seli zinabaki hai unapima tena kesho, unachemsha sampuli nyuzi 65 kwa nusu saa fosfatezi za kawaida za seli zinakufa SEAP inabaki, unaweka sabstreti yake pNPP inageuka njano unasoma kwenye nanometa 405. Ubaya wake inajikusanya, promota ikishuka hutaona haraka, na kwa rangi promota dhaifu inaweza isionekane. Usitumie na HeLa, zile zina fosfatezi yao isiyokufa kwa moto.

Tatu ni NanoLuc, lusiferase nyingine, kwenye plasmidi ya pNL1.1. Imetokana na kamba wa bahari ya kina kirefu, ndogo, kilodalton 19, inawaka zaidi ya mara mia kuliko ya kimulimuli na haihitaji ATP (nishati ya seli). Kwa promota dhaifu au seli zinazogoma kupokea DNA ningeipandisha iwe ya kwanza. Ila sabstreti yake ni furimazini, ikikuishia katikati ya kazi hutaipata mtaani, unaagiza nje, inashuka Dar, ndo mtu aifuate na barafu kavu aje nayo na SGR.

EGFP, protini inayong'aa kijani, ni nzuri kuona kwa macho na haidai sabstreti yoyote, lakini inadumu siku nzima kwenye seli na seli zenyewe zinang'aa kidogo, kwa kupima chukua d2EGFP ambayo nusu yake inaisha kwa masaa mawili hivi. lacZ na CAT, vimeng'enya vya kupimia vya zamani, kama unanunua leo ziache.

Ukiagiza Addgene (benki ya plasmidi ya Marekani) mara nyingi inakuja bakteria kwenye agari bila barafu, hiyo kwa joto letu la Oktoba ni nafuu kubwa, ila ipande kwenye sahani yenye antibiotiki ya plasmidi yako, mara nyingi ampisilini, siku ileile usiiache mezani. Na kabla ya kulipa soma namba mara mbili, pGL4.13 inafanana sana na 4.10 ila tayari ina promota ya SV40, na 4.23 ina promota ndogo kwa ajili ya kupima enhansa (kipande cha DNA kinachoongeza nguvu ya promota). Ukichukua 4.13 kimakosa kila kisima kitawaka, hata chenye plasmidi tupu usiyoweka promota yako.