Springi, pini na ripiti za kitasa cha dirisha la Cessna ya 1963: uzoefu wangu nikiwa Mombasa

Dirisha la upande wa rubani lilifunguka lenyewe tulipokuwa tumeipita Likoni tu, tukielekea Ukunda. Dirisha la Cessna 172 ya zamani limeshikwa na bawaba za juu, kwa hiyo kitasa kikiliachia, upepo hulinyanyua likaganda huko chini ya bawa. Ndege haianguki kwa ajili ya dirisha. Lakini kelele zile hazisemeki, na risiti za mafuta za mwezi mzima zilizokuwa juu ya dashibodi zilienda zote baharini. Mzee mwenye ndege hajanisamehe zile risiti hadi leo.

Jioni nikakifungua kitasa juu ya taulo. (Ukikifungulia mezani springi itaruka na hutaiona tena, niamini.) Springi ilikuwa vipande viwili, pini imelika katikati mpaka imekuwa na kiuno kama cha nyigu, na ile washa ya mawimbi (kipete chembamba cha bati kilichopindapinda) ilibaki vumbi la kutu tu. Ndege inalala nje pale uwanja wa ndege wa Moi, na hewa ya chumvi ya Port Reitz haichagui cha kula. Mkono wenyewe wa kitasa ulikuwa mzima. Basi nikajua nahitaji vitu vidogo vichache, vyote vinatosha kwenye kifuniko cha soda. Vikanichukua wiki saba.

Nilianzia sokoni Mwembe Tayari kama kila mtu. Muuzaji akaichukua skrubu ya bawaba, akaigeuza mara moja, akasema, "Yakhe, hii ni tano hii, chukua," akimaanisha milimita. Na ukiangalia kwa macho utamwamini. Skrubu ya ndege ya 10-32 ina unene wa milimita 4.83 na meno 32 kwa inchi. Ya gari ya M5 ina milimita 5 na meno kama 31 na robo tatu hivi. Nati ya M5 inaingia kwenye skrubu ya ndege bila taabu, inacheza kidogo tu, na hapo ndipo mtu anapotiwa mkenge. Kinyume chake, M5 kwenye nati ya ndege inazunguka raundi mbili inakwama, na ukiilazimisha umeharibu vyote viwili. Nilinunua moja ya shilingi kumi nikaenda kuijaribu kwenye chuma chakavu, nikaona mwenyewe.

Mtwapa kwa mafundi wa boti nikapewa springi nzuri ya chuma cha pua, na maneno mengi ya kuisifia. Kwenye boti ya fibaglasi sina ubishi nao. Ila chuma cha pua kikikaa juu ya alumini na chumvi ikapata unyevu, kinacholiwa ni alumini, na huku kwetu unyevu ndio hali ya hewa yenyewe. Halafu springi haina karatasi ya kuthibitisha kuwa ni ya ndege. Mhandisi anayetia sahihi kwenye kitabu cha ndege hata hakuigusa.

Kosa langu kubwa lilikuwa la tatu. Niliona kitasa kizima kinauzwa mtandaoni, kimetolewa kwenye ndege iliyobomolewa, picha safi, bei ya kuvutia. Nikalipa. Kilipofika kikawa cha upande wa kulia, tundu la pini liko kinyume, tena bila karatasi yoyote. Kiko kwenye droo. Watoto wa mzee wanakichezea.

Ndipo rubani mmoja akanielekeza kwa mama mmoja wa pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, anayetafutia watu spea za ndege za zamani. Huduma yake ndiyo hasa ninayotaka kuieleza.

Wengine wote waliniuliza nataka ngapi. Yeye aliuliza namba ya utambulisho ya ndege (serial number), si mwaka tu, kwa sababu vitasa vilibadilishwa kati ya toleo na toleo. Akataka picha ya pini ikiwa juu ya rula, na picha ya tundu lake. Akaniuliza, "Fundi, ripiti mlizotoa zilikuwa na kidoa kichwani?" Nikaenda kuzitafuta kwenye takataka. Kweli, kila kichwa kilikuwa na kidoa kilichobonyea katikati. Basi ni AD, yaani ya aina fulani ya aloi ya alumini, akasema, na ukubwa ule ni MS20470AD4-4: ile 4 ya kwanza ni unene kwa sehemu za 32 za inchi, ya pili ni urefu kwa sehemu za 16. Yaani unene 1/8, urefu 1/4. Nilikuwa naisoma namba hiyo miaka kama dua ya Kiarabu, bila kujua maana yake.

Kwenye karatasi pia alikuwa mkweli. Kwa vitu vya viwango vya AN na MS (viwango vya Marekani vya skrubu, ripiti na washa) alisema cheti cha ulinganifu kutoka kwa muuzaji kitamtosha mhandisi wangu, na kilimtosha. Springi na pini, kwa kuwa ni za Cessna wenyewe, zilikuja na fomu 8130-3 kutoka Marekani, ile inayothibitisha kuwa spea imeidhinishwa kwa ndege. Alinitumia nakala kwa simu kabla sijalipa hata shilingi.

Sasa lawama. Mzigo ulikwama forodhani siku kumi na moja kwa sababu ankara ilikuwa ndani ya boksi badala ya kubandikwa nje. Siku zote hizo mama yule hakupokea simu. Alijibu kwa ujumbe mmoja, "inashughulikiwa". Mimi huku namjibu mzee hivyo hivyo, na mzee si mtu wa kujibiwa hivyo. Kisha boksi likashushwa na basi la usiku likiwa limefunguliwa, washa moja haimo. Alituma nyingine kwa gharama yake, nashukuru, lakini ni siku nne zaidi. Vitu vyenyewe vilikuwa shilingi 2,300. Usafiri na ushuru vikala 6,900.

Ukimtumia, mwambie abandike ankara nje, na washa azifunge kwenye mfuko wake peke yake. Agiza springi mbili.

Kufunga kulichukua asubuhi moja. Mhandisi alikivuta kitasa mara tatu, akagonga dirisha kwa ngumi, akatia sahihi. Tumeruka miezi mitatu sasa, tukipita Likoni mara mbili kwa wiki, na ulimi unaingia kwa mlio mmoja mkavu kama mlango wa friji mpya. Ningempa yule mama nne kati ya tano. Ile moja ni ya simu.

Juzi mzee ameanza kulalamikia mkono wa kufungulia mlango wa kulia. Nimeshapiga picha juu ya rula.