Basilika ya Saint-Denis na Makaburi ya Wafalme wa Ufaransa: Ziara Inayostahili Tiketi Yake

Wageni wengi wanaokwenda Paris kutafuta historia ya wafalme huelekea Versailles, na hurudi wakiwa wameona jinsi wafalme walivyoishi. Mahali panapoeleza kwa nini hao ndio waliokuwa wafalme, ilhali wengine waliokidai kiti hichohicho walikikosa, ni Basilika ya Saint-Denis, kaskazini mwa jiji, hatua chache kutoka kituo cha metro chenye jina lake katika njia namba 13. Nililitembelea kanisa hili nikiwa na swali moja, na tathmini hii inalipima kwa swali hilo: je, mtu anayelipa tiketi ya kuingia makaburini hutoka akielewa namna haki ya kuitawala Ufaransa ilivyopatikana, ilivyorithishwa na ilivyogombewa? Jibu langu ni ndiyo, tena bila kusita, mradi mgeni aingie akifahamu kwamba nyingi ya sanamu atakazoziona zilichongwa ili kutetea dai la mtu fulani.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Sehemu ya mbele ya kanisa huingiwa bila malipo, kwa kuwa ibada bado zinaendelea humo na tangu 1966 ndilo kanisa kuu la jimbo la Saint-Denis. Tiketi inahitajika kwa eneo la makaburi, yaani mabawa mawili ya pembeni, upande wa altare na vyumba vya chini ya ardhi; walio chini ya miaka 18 hawalipi. Siku ya Jumapili makaburi hayafunguliwi hadi saa sita mchana, jambo ambalo mwenye ratiba fupi anapaswa kulijua mapema. Kabla ya kuanza kusoma majina ya wafu, inafaa kusimama kwa muda upande wa altare, uliowekwa wakfu mwaka 1144 wakati wa Abate Suger, kwa sababu hapo ndipo ujenzi wa Kigothi, ule wa matao yenye ncha na madirisha makubwa, ulipopata umbo lake la kwanza.

Wafalme 42, malkia 32 na wana wa kifalme 63 walizikwa hapa, kuanzia Dagobert mwaka 639 hadi Louis XVIII mwaka 1824, na sanamu zilizobaki ni zaidi ya 70. Wingi huo unaweza kumchosha mtu anayepita kaburi moja baada ya jingine bila uzi wa kuufuata. Uzi huo, kwa maoni yangu, unaanzia katika miaka ya 1260, Louis IX alipoagiza sanamu 16 za wafalme na malkia waliomtangulia, baadhi yao wakiwa wamekufa miaka mia kadhaa kabla ya mchongaji kuzaliwa. Nyuso zile hazifanani na za watu halisi, wala hazikukusudiwa kufanana nao. Ukoo wa Louis IX ulikuwa na jambo la kuthibitisha: babu yao Hugues Capet alichaguliwa na wakuu wa nchi mwaka 987, ilhali Charles wa Lorraine, ami yake mfalme aliyefariki na mtu wa damu ya Charlemagne, mfalme mashuhuri wa nasaba iliyotangulia, alikuwa hai na alikuwa akikidai kiti. Kwa hiyo wafalme wa nasaba mbili za kwanza walipangwa upande wa kusini, wa ukoo wa Capet upande wa kaskazini, na katikati wakawekwa Philippe Auguste na mwanawe Louis VIII, ambaye kupitia mama yake alikuwa na damu ya Charlemagne. Aliyepita hapo aliona nasaba tatu zimefungwa pamoja kuwa mstari mmoja usiokatika. Mpangilio wa leo ni kazi ya mafundi wa karne ya 19, na makaburi ya katikati yalipotea zamani, lakini mantiki ya mpango ule bado inasomeka kwa mtu anayetembea taratibu.

Kaburi ambalo ningemsihi kila mgeni alitafute ni dogo kuliko karibu yote. Ni la Jean I, mtoto aliyezaliwa mfalme tarehe 15 Novemba 1316, kwa kuwa baba yake Louis X alikuwa amekwisha kufariki, na akafa siku tano baadaye. Kifo hicho cha mtoto mchanga ndicho chanzo cha madai karibu yote yaliyofuata. Ami yake alitwaa kiti akawa Philippe V, na Jeanne, binti wa Louis X, akaachwa nje. Tangu hapo ikawa desturi, na baadaye sheria iliyotetewa kwa ukali, kwamba mwanamke hawezi kurithi taji la Ufaransa. Miaka kadhaa baadaye mfanyabiashara wa Siena aitwaye Giannino Baglioni alijitokeza akisema kwamba yeye ndiye Jean I, kwamba mtoto aliyekufa alikuwa amebadilishwa, na akaendelea na dai hilo hadi akafia kifungoni Naples.

Kufikia mwaka 1328 ndugu wote watatu wa kizazi hicho, yaani Louis X, Philippe V na mdogo wao Charles IV, walikuwa wamekufa bila kuacha mtoto wa kiume, na swali lililofunikwa mwaka 1316 likarudi likiwa zito zaidi. Edward III wa Uingereza alikuwa mjukuu wa Philippe IV kwa upande wa mama. Philippe wa Valois alikuwa mpwa wake Philippe IV kwa upande wa baba. Wakuu wa Ufaransa wakamchagua Valois, na kuanzia 1337 hadi 1453 nchi hizo mbili zikapigana Vita vya Miaka Mia. Sanamu za Charles VI na mkewe Isabeau zimo humu, na mbele yake mgeni anapaswa kukumbuka kilichotokea mwaka 1422. Miaka miwili kabla, kwa Mkataba wa Troyes, Charles VI alikuwa amemnyima urithi mwanawe mwenyewe na kumpa mfalme wa Uingereza. Na alipozikwa hapa Saint-Denis, mpiga mbiu alimtangaza Henry wa Lancaster, mwana wa mfalme huyo wa Uingereza na mtoto ambaye hakuwa ametimiza hata mwaka mmoja, kuwa mfalme wa Ufaransa na Uingereza. Mwana aliyenyimwa urithi alitawazwa Reims mwaka 1429 akiwa Charles VII, akaifukuza Uingereza, na mwishowe akazikwa katika kanisa hilihili. Hata hivyo, wafalme wa Uingereza waliendelea kujiita wafalme wa Ufaransa hadi 1801.

Makaburi makubwa ya karne ya 16 ndiyo yanayopigwa picha zaidi, na kwa ufundi yanastahili. Louis XII na Anne wa Bretagne, François I na Claude, Henri II na Catherine de' Medici: kila jozi imeonyeshwa mara mbili, juu wakipiga magoti kwa sala, chini wakiwa maiti uchi juu ya jiwe. Ni kazi ya kushtua na yenye huruma kubwa, na sioni haja ya kuieleza zaidi ya hapo, kwa kuwa macho yanatosha.

Jambo ambalo macho hayatoshi kulieleza ni lile la Henri IV. Henri III alipouawa mwaka 1589 bila mtoto, mrithi kwa mstari wa kiume alikuwa Henri wa Navarre, ambaye ili kuunganisha ukoo wake na wa marehemu ilibidi kurudi nyuma hadi kwa Louis IX. Tena alikuwa Mprotestanti. Wapinzani wake wa Ligi ya Kikatoliki walimtangaza ami yake, Kadinali Charles de Bourbon, kuwa mfalme kwa jina la Charles X. Kadinali huyo alifariki mwaka 1590, na ikapendekezwa kiti apewe binti wa mfalme wa Hispania. Tarehe 25 Julai 1593 Henri aliingia katika kanisa hili, akaukana Uprotestanti na kupokelewa katika Ukatoliki. Alichagua mahali alipozikwa Louis IX, babu ambaye dai lake lilimtegemea. Mgeni asitafute kaburi la fahari la Henri IV wala la Louis XIV, kwa kuwa wafalme wa Bourbon hawakujengewa makaburi ya namna hiyo. Majeneza yao yaliwekwa tu chini ya sakafu.

Chini ya sakafu ndiko sehemu ya ziara inayogusa zaidi, na ni huko ningeshauri mtu atumie muda mwingi. Mwezi Agosti na Oktoba 1793 makaburi yalifunguliwa kwa amri ya serikali ya Mapinduzi ya Ufaransa na miili ikatupwa katika mashimo mawili nje ya kanisa. Jeneza la Louis XV lilitolewa tarehe 16 Oktoba, siku ileile Marie Antoinette, mke wa Louis XVI, alipokatwa kichwa kwa gilotini. Sanamu nyingi zilinusurika kwa sababu Alexandre Lenoir alizikusanya katika makumbusho yake mjini Paris. Baada ya ufalme kurudi, Louis XVIII aliagiza mabaki ya kaka yake Louis XVI na Marie Antoinette yaletwe hapa tarehe 21 Januari 1815, na baadaye mifupa ya mashimoni ikakusanywa pamoja, bila uwezekano wa kuitenganisha, nyuma ya mabamba ya marumaru yaliyoandikwa majina. Kusoma orodha hiyo ndefu, ambamo Louis XIV ni jina moja kati ya mengi, ni funzo ambalo Versailles haiwezi kulitoa.

Karibu na hapo umehifadhiwa moyo mdogo uliokauka. Mwana wa Louis XVI, ambaye wafuasi wa ufalme walimwita Louis XVII, alifariki katika gereza la Temple tarehe 8 Juni 1795 akiwa na umri wa miaka 10, na daktari Pelletan aliyepasua maiti aliuchukua moyo kwa siri. Kwa kuwa watu wachache walimwona mtoto huyo katika siku zake za mwisho, walijitokeza watu wengi waliodai kuwa wao ndio yeye, na maarufu kuliko wote ni Karl Wilhelm Naundorff, aliyefariki Delft mwaka 1845 na ambaye wazao wake waliendelea kulishikilia dai hilo. Mwaka 2000 vipimo vya DNA vilionyesha kwamba moyo huo ni wa mtu wa ukoo wa mama yake Marie Antoinette, na tarehe 8 Juni 2004 ukawekwa hapa kwa heshima zote. Sijui mahali pengine ambapo dai la kiti cha enzi limejibiwa kwa kitu kidogo namna hii.

Katika chumba hichohicho kuna mabamba sita ya marumaru nyeusi, na moja halina jina. Louis XVIII ndiye mfalme wa mwisho kuzikwa hapa, na hapo ndipo hadithi ya Saint-Denis inapokoma, ilhali hadithi ya wadai inaendelea. Mdogo wake Charles X, ambaye si yule Kadinali wa 1589, alipinduliwa mwaka 1830 na amelala Kostanjevica, katika Slovenia ya leo. Yupo huko pia mjukuu wake, Comte de Chambord, ambaye katika miaka ya 1870 bunge lenye wafuasi wengi wa ufalme lilikuwa tayari kumpa kiti, lakini hakukubali kuiacha bendera nyeupe ya wafalme na kupokea ile ya rangi tatu ya Mapinduzi. Alipofariki mwaka 1883 bila mtoto, wafuasi wake waligawanyika. Wengine waliwafuata wazao wa Louis-Philippe wa ukoo wa Orléans, aliyetwaa kiti baada ya Charles X, na mdai wao leo ni Jean, Comte de Paris, aliyezaliwa 1965. Wengine walisema haki imepita kwa wazao wa Philippe V wa Hispania, mjukuu wa Louis XIV, licha ya kwamba aliukana urithi wa Ufaransa wakati wa mapatano ya Utrecht. Mdai wao ni Louis Alphonse de Bourbon, aliyezaliwa Madrid mwaka 1974. Wapo pia wafuasi wa ukoo wa Bonaparte, ambao kaburi lao kuu liko Les Invalides, mjini Paris. Anayetaka kuielewa hoja ya pande mbili za kwanza atapata msingi wake hapa, kwa kuwa swali lao ni lilelile la 1316 na 1328: je, haki hufuata damu tu, au watu wanaweza kuihamisha kwa mkataba?

Kwa hiyo napendekeza ziara hii kwa yeyote anayejali swali hilo, na namshauri asome kidogo kuhusu mwaka 1316 kabla ya kuja, kwani mabamba ya majina hayawezi kubeba maelezo yote hayo. Nusu siku inatosha: aanze na sanamu za Louis IX, ampitie Jean I, kisha ateremke chini akiwa bado na nguvu za kusoma. Mwenye siku ya ziada aende Dreux, magharibi mwa Paris, kwenye kanisa la ukoo wa Orléans alikozikwa Louis-Philippe, kwa kuwa makaburi hayo mawili yakionwa kwa kufuatana ndipo mgawanyiko wa wadai wa leo unapoeleweka vizuri zaidi.