Kirekodi joto la bahari: mwaka mmoja na zaidi katika shamba la mwani, Paje, Zanzibar

Kwa miezi 14 sasa kikundi chetu cha wakulima wa mwani kimekuwa kikitumia kirekodi kidogo cha joto la maji, chenye ukubwa wa kidole gumba, ambacho hujipimia chenyewe kila baada ya nusu saa. Tulikinunua kwa sababu kila kaskazi inapoelekea kwisha cottonii yetu (aina ya mwani tunaoulima) hupauka na kukatika matawi, nasi tulikwisha kuchoka kubishana kwa kukisia.

Huduma ya satelaiti ya Coral Reef Watch ya Marekani tunaitumia pia. Haina malipo, na kumbukumbu zake zinaanzia 1985, muda ambao kifaa chetu hakiwezi kuufikia. Lakini satelaiti huona uso wa bahari tu, kwa vipande vya takriban kilomita 5, hivyo huieleza vyema bahari iliyo nje ya mwamba kuliko shamba lililo kwenye maji ya magotini. Siku za bamvua, maji yanapokupwa kabla ya adhuhuri na jua kali likapiga mchanga mweupe, joto la shambani hupanda haraka na kushuka maji yanapojaa. Hilo kirekodi kimetuonyesha waziwazi.

Kosa la mwanzo lilikuwa letu: tulikifunga juu ya kigingi, maji yakapwa, kikabaki juani na kurekodi joto la hewa. Hesabu zile tulizitupa zote. Sasa kimefungwa karibu na mchanga, ndani ya bomba jeupe lenye matundu linalopitisha maji na kuzuia jua. Kila miezi 3 tunakisugua ukoga, kisha tunakitia katika ndoo ya barafu iliyopondwa na maji matamu, tukikoroga, ambamo kinapaswa kusoma nyuzi 0 za Selsiasi. Mara ya mwisho kilisoma 0.3, tukaiandika tofauti hiyo daftarini.

Malalamiko yangu ni kwa muuzaji, ambaye hakutueleza kwamba kebo ya kuhamishia hesabu kwenye kompyuta huuzwa peke yake, wala kwamba betri haibadilishwi. Betri ikifa, kifaa kimekwisha. Kwa hiyo anayetaka kumbukumbu za miaka mingi anunue cha pili mapema na aviache viwili bega kwa bega kwa wiki kadhaa, pale pale na kwa kina kile kile, apate kujua vinapishana kwa kiasi gani. Sisi tunachangishana kwa ajili hiyo kabla ya masika.