Prado ya petroli na ya dizeli: nguvu inapofika mapema

Ndugu watazamaji, magari haya mawili ni Prado za umbo la 150, zote za soko la Japani baada ya 2015. Ya petroli ina injini ya lita 2.7 yenye nguvu farasi 163, na ya dizeli, ya lita 2.8, ina 177. Anayesoma takwimu hizo tu ataziona ni pacha, lakini akiziendesha kutoka Kampala hadi Jinja atapata tofauti kubwa sana.

Tofauti hiyo inatokana na toki, yaani nguvu ambayo injini husokotea magurudumu kupitia gia. Dizeli hutoa Nm 450 (nyutoni-mita, kipimo cha toki) tangu mizunguko 1,600 kwa dakika na kuzishikilia hadi 2,400, ilhali petroli hufikia kilele chake cha Nm 246 kwenye 3,900. Kwenye mizunguko 2,000, basi, dizeli huzalisha takriban kilowati 94, na petroli, hata tukiipa toki yote ambayo hapo bado haijaifikia, haivuki 52.

Mko nyuma ya lori la miwa karibu na Lugazi, na mbele pamekuwa peupe. Katika dizeli nakanyaga mafuta nusu tu, mgongo unaegemezwa kitini, na lori linabaki nyuma kabla injini haijapaza sauti. Katika petroli nalazimika kukanyaga hadi chini, nisubiri gia zishuke na mizunguko ipande, ndipo gari livute. Kusubiri huko ni kufupi, lakini barabara ile haina nafasi ya kukupa, nami naogopa kusubiri huko kwa dhati.

Dizeli nayo ina kasoro. Turbo yake, yaani feni inayoshindilia hewa ndani ya injini, huhitaji moshi wa injini ili izunguke, kwa hiyo gari linapoanza kutoka kusimama huwa na uzito kidogo, kisha nguvu hufika kwa mkupuo. Na baada ya mizunguko 3,400 dizeli huchoka, wakati petroli huendelea kupanda kwa ulaini hadi 5,200. Ndani ya foleni za Kampala naipendelea petroli.

Kuelekea Kabale, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi huipunguzia petroli hata kile kidogo ilicho nacho, kwa kuwa haina turbo ya kuishindilia.

Mkienda kununua, mwombeni muuzaji mpande naye kilima kwa mwendo wa 50, kisha mkanyage mafuta nusu na msikilize kama gari linavuta au linashusha gia kwanza.