Modeli ya pituitari: nyuma wamepatia, mbele wamepotosha

Nafundisha ukunga, na modeli hii ya plastiki ya haipothalamasi (sehemu ya chini ya ubongo) na tezi ya pituitari inayoning'inia chini yake nimeitumia darasani muhula mzima. Watengenezaji wameikuza sana, na wamefanya vyema, maana tezi yenyewe ina uzito wa takribani nusu gramu. Vipande vinashikana kwa sumaku, na havijalegea.

Niliipenda kwa sababu ya sehemu ya nyuma ya tezi. Nyuzi za manjano, yaani za neva, zinaanzia haipothalamasi, zinateremka ndani ya shina la tezi, na zinaishia kando ya kapilari, mishipa midogo kabisa ya damu. Ndivyo ilivyo mwilini. Oksitosini, homoni inayoshusha maziwa, na vasopresini, inayozuia mwili kupoteza maji, haziundwi kwenye pituitari. Huundwa na seli za neva huko juu, zikasafirishwa ndani ya nyuzi na kuhifadhiwa humo, na modeli inaonyesha hata vivimbe vidogo zinamojikusanya. Mtoto anaponyonya, taarifa hupanda kwa neva za hisia kutoka kwenye chuchu hadi haipothalamasi. Seli zile hutoa msukumo wa umeme kwa pamoja, kalsiamu ikaingia kwenye ncha za nyuzi, oksitosini ikamwagwa kwenye damu, na maziwa yakashuka. Nikiifuata njia hiyo kwa kidole, wanafunzi wanaona kwa nini mama mwenye hofu au maumivu makali anaweza kuwa na maziwa tele na bado yakakawia kutoka. Hakuna mchoro wa ubaoni ulionisaidia kiasi hicho.

Kwenye sehemu ya mbele sikubaliani nao kabisa. Wamezishusha nyuzi zilezile za manjano hadi kwenye seli zinazotoa homoni, kana kwamba neva ndizo zinazoziamrisha moja kwa moja. Sivyo. Nyuzi zinazohusika hukomea chini ya haipothalamasi, zikamwaga homoni zao kwenye kapilari, na vijishipa vya damu vinavyoshuka na shina ndivyo huzifikisha kwenye seli hizo. Mwanafiziolojia Geoffrey Harris alilitetea jambo hili miaka mingi, na Roger Guillemin na Andrew Schally, waliozitenga baadhi ya homoni hizo, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1977. Halafu kuna prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, ambayo mkunga hawezi kuiruka: dopamini, kemikali ya haipothalamasi inayoletwa na vijishipa hivyo huizuia, ndiyo maana shina likikatika prolaktini hupanda ilhali homoni nyingine za mbele hushuka. Kwa modeli hii, hilo halielezeki.

Vijishipa vyenyewe wamevichora kwa rangi hafifu tu. Nimezifuta nyuzi za mbele kwa rangi ya plastiki yake na kubandika waya mwembamba mwekundu kando ya shina. Sasa inafundisha ukweli.

Kwa somo la uzazi na unyonyeshaji, ichukueni, ila irekebisheni kwanza. Anayefundisha homoni ya ukuaji au ya kuchochea thairoidi atafute nyingine.