TAHADHARI kwa mnaojenga: kishoka wa "umeme ndani ya siku tatu"

Ndugu zangu mnaojenga huku pembezoni, someni hii kabla hamjatoa hela. Kishoka, yaani mtu anayejifanya wa shirika la umeme, amenilia shilingi 377,000 na umeme sina.

Nyumba yangu ni vyumba viwili na sebule, Kibaha kwa ndani, nimehamia hata lipu haijapigwa. Umeme niliutaka kwa ajili ya friji. Nauza barafu na juisi ya ukwaju, na mpaka leo nagandishia kwa jirani. Kwa hiyo fundi aliyenifanyia wayaringi aliposema, "Mama, nina kijana wangu yuko shirikani, TANESCO, siku tatu tu unawaka," mimi mwenyewe ndiye niliyeomba namba. Sikulazimishwa na mtu.

Yule kijana akaja na pikipiki. Kizibao cha reflekta, kofia ngumu, plaizi kiunoni. Kitambulisho kilining'inia shingoni lakini muda wote kimegeuka, unaona upande wa nyuma tu. Nilikiona, nikaona aibu kumwambia akigeuze. Mtu anakuamkia, anapokea kikombe cha chai kwa mikono miwili, utaanzaje kumdai kitambulisho?

Akatembea toka ukutani mpaka nguzo ya jirani akihesabu hatua, akatikisa kichwa. "Mama, hapa nguzo inahitajika." Halafu akanieleza mpango wake, na hapa ndipo aliponimaliza. Kuunganishiwa kijijini ni 27,000. Mjini, tangu Januari 2022, ni 320,960 kama uko ndani ya mita 30 na huhitaji nguzo. Ukihitaji nguzo moja ni 515,618, nguzo mbili 696,670. Bei hizo ni za kweli, hakunidanganya. Uongo wake ulikuja baadaye: eti anao uwezo wa "kuniandika kijijini" nilipe 27,000, na mimi nimpe 150,000 ya kusukuma faili, 180,000 ya nguzo na 20,000 ya mafuta ya gari la wapimaji. Nikapiga hesabu kichwani: 377,000 badala ya 515,618, nimeokoa laki na zaidi. Nilijiona mjanja.

Nikaja kupima kwa kamba ya kuanikia nguo baada ya kulizwa: toka nguzo mpaka nyumbani ni mita 24. Sikuhitaji nguzo yoyote. Bei yangu halali ilikuwa 320,960. Yaani nimemhonga mtu 56,040 zaidi ya bei ya halali ili anisaidie kukwepa bei ya halali.

Hela zote zilikwenda kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, kwa awamu nne. Nilipouliza risiti alinitumia picha ya karatasi kwenye WhatsApp, ina nembo na muhuri, jina langu limeandikwa kwa kalamu. Fomu ya maombi nayo ilikuwa fotokopi ya fotokopi, mistari imefifia. Akachukua na kopi ya kitambulisho changu cha NIDA na picha mbili za pasipoti. Hizo mpaka sasa anazo, na zinaninyima usingizi kuliko hela.

Siku tatu zikawa wiki tatu. Kila nikipiga: "Mama, nguzo zimeisha stoo." "Mama, wapimaji wako semina." Jumapili moja magharibi, bila taarifa, akaja na kijana mwingine na ngazi ya mbao. Nguzo hawakuja nayo. Nilipouliza akasema ameokoa, tutatumia ile ile ya jirani. Nikauliza na ile 180,000 je? Akacheka. "Mama, si umeme unautaka?" Wakapanda, wakavuta waya, wakafunga mita ukutani, na saa mbili kasoro taa ya sebuleni ikawaka. Wanangu walipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Nami nikamwongezea kijana elfu tano ya soda. Naomba mnisamehe.

Asubuhi nikanunua LUKU, umeme wa kulipia kabla, ya 5,000 kwa simu. Uniti zilizokuja zilikuwa chache mno, nikadhani mtandao. Nikausoma ujumbe taratibu. Kwanza, jina la mteja lilikuwa la mwanaume nisiyemjua. Pili, nilikuwa nimekatwa kodi ya majengo ya miezi mingi ya nyuma. Mnajua tangu 2021 kodi ile inakatwa humo humo kwenye LUKU. Sasa mita iliyofungwa jana usiku inadaiwaje kodi ya miezi iliyopita? Nikatoka nje kuiangalia kwa mwanga wa mchana. Pembeni ina mikwaruzo, skrubu moja haifanani na mwenzake, na pale pa kuwekea sili hapana sili. Ilikuwa mita ya mtu, imeng'olewa kwingine na kuletwa kwangu.

Nikampigia yule kijana. Akasema nisubiri, "mfumo bado haujabadilisha jina." Nikakaa na jambo hilo siku mbili, taa zinawaka, friji nimeshaiulizia bei. Siku ya tatu nikaenda mwenyewe ofisi ya TANESCO nikiwa na ile namba ya mita kwenye karatasi. Dada wa mapokezi aliingiza namba, akaniangalia, akasema kwa upole, "Mama, hii mita si yako, na hapa hatuna ombi lolote lenye jina lako." Hakukuwa na ombi kijijini wala mjini. Hakuna faili lililosukumwa, kwa sababu halikuwahi kuwepo.

Jioni ile mita iling'olewa na waya ukakatwa. Nilihojiwa, nikaandika maelezo, nikaenda polisi na RB, namba ya taarifa yangu, ninayo. Niliambiwa kama wakaguzi wangeikuta wao kabla sijaenda mwenyewe, ningehesabiwa mwizi wa umeme, na mwenye nyumba ndiye anayeanza kubanwa, kishoka ameshaondoka na ngazi yake.

Sasa nawaeleza njia nilivyoikuta nilipoanza upya, maana ndiyo inayowaumbua watu hawa. Maombi unayafanya mwenyewe kwa NIKONEKT, mfumo wa TANESCO wa kuomba umeme, kwenye programu ya simu, na kwa simu ya kitochi unapiga *152*00# unafuata maelekezo. Unatakiwa uwe na namba ya NIDA. Ukikwama, unaingia ofisini wanakusaidia pale pale. Nilikuwa naogopa foleni, nikakaa robo saa. Ombi likishaingia unapewa namba yake, na kuanzia hapo unaweza kulifuatilia bila kumbembeleza mtu. Kishoka hawezi kukupa namba hiyo kwa sababu hana.

Baada ya hapo wanakuja wapimaji. Wao ndio wanaosema una umbali gani na kama nguzo inahitajika. Si fundi wako, si kijana wa pikipiki. Nguzo ni mali ya shirika, haiuzwi dirishani mwa bodaboda. Na kama eneo lako ni mji au kijiji hilo nalo limeshapangwa, hakuna mtu wa kukuhamisha kwa laki na nusu.

Malipo ndiyo mtihani mkubwa, na ndio mwepesi kuliko yote. Unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile watu wanaiita kontroo namba. Unailipia benki au kwenye simu upande wa malipo ya serikali, na hela inaingia serikalini, haiingii mfukoni mwa mtu. Mtu akikutumia namba ya 07 au 06 na kukwambia "tuma hapa mimi nitalipia", mwache aondoke na kizibao chake. Hata akiwa mtoto wa shangazi yako.

Na msinielewe vibaya, fundi wangu naye nina neno naye. Wayaringi lazima ithibitishwe na mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, agonge muhuri wake. Wangu hakuwa na leseni, alikuwa ameahidi "kukodi muhuri" kwa mwenzake, na mimi niliona ni jambo la kawaida tu. Mkandarasi niliyemleta safari hii alianza na ethi, waya unaopeleka umeme ardhini ukivuja. Akashika ule waya wa kijani na njano pale nje, akavuta kidogo, ukaja na rodi yake yote. Kumbe ni kipande cha nondo, urefu wa mkono wangu, kimechomekwa kwenye mchanga kama mti wa muhogo. Akaniuliza, "Mama, friji ulitaka kuiweka wapi?" Nikamwonyesha, jikoni, sakafu ya udongo, pale watoto wanapopita pekupeku. Hakusema kitu, akatikisa kichwa akaendelea kufungua soketi. Imenigharimu upya ethi na kubadilisha soketi mbili. Sijutii. Mdaini fundi leseni kabla hajapasua ukuta, na muhuri uwe wake.

Wale ambao tayari mna mita na mmeanza kuwa na wasiwasi: angalieni jina linalokuja mnaponunua LUKU, halafu muangalie kama mita ina sili. Kama vinatia shaka, pigeni 180, ni bure, au nendeni ofisini na namba ya mita. Kwenda mwenyewe ni tofauti sana na kufuatwa. Na mkiona malalamiko yenu hayasikilizwi, EWURA CCC, baraza la watumiaji, wapo kwa ajili yenu.

Huyu ninayemsema ana pikipiki nyekundu, mwembamba, mchangamfu, anapenda kuita watu "mama" na "mzee wangu". Anafuata mahali nguzo mpya zimesimikwa, wiki ile ile zinaposimikwa, na anapitia kwa mafundi waya. Jina na namba yake siweki hapa, viko polisi, na nina hakika jina lenyewe si lake. Ila mtaani kwetu tayari tumejuana watatu. Mmoja ametoa 90,000 na hajafungiwa chochote, mwingine bado anawasha taa na anaogopa kwenda ofisini. Nimemwambia twende wote Jumatatu.

Ombi langu limepimwa Alhamisi iliyopita: mita 24, nguzo haihitajiki. Kontroo namba imeingia juzi, 320,960. Nimeshachanga laki mbili. Yule kijana namba yake bado inaita, hapokei, ila kwenye WhatsApp ameweka picha ya transfoma na maneno "Umeme ndani ya siku 3, karibuni wote."